TUSALI KWA UKWELI

(Mazungumzo yaliyotolewa na kamati ya kikundi siku ya maadhimisho ya miaka kumi)

 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Miaka kumi si mchezo. Viko vikundi vya kuweka na kukopa vinavyoanza kwa vigelegele, halafu vinakufa kabla sanduku halijashika kutu. Chetu kipo, na leo tumekula wali.

Taarifa ya fedha mtaisoma kwa mweka hazina, na historia ya kikundi mtaisoma kwa katibu. Sisi tumepewa mada moja tu, nayo ni sala. Wapo waliouliza, "Jamani, sala ina nini cha kuzungumza? Si kila kikao tunafungua kwa sala na kufunga kwa sala?" Ndiyo, na hiyo ndiyo sababu. Jambo ambalo mtu analifanya kila wiki bila kulitazama ndilo linaloweza kuharibika bila yeye kujua.

Neno letu la leo ni moja, nalo ni hili: sala yetu iwe ya kweli kama daftari letu linavyotakiwa kuwa la kweli. Mtu asimpelekee Mungu hesabu ambayo hanayo.

1. SANDUKU NA SALA

Wanachama mnajua sanduku letu lilivyo. Lina kufuli tatu. Funguo zinashikwa na akina mama watatu, na yule anayelala na sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Linafunguliwa mbele ya watu wote, fedha inahesabiwa kwa sauti, na mweka hazina anasema kiasi kilichomo ili kila mmoja akisikie. Utaratibu huu wa vikundi vya namna yetu ulianza kwa akina mama wa vijijini nchini Niger mwaka 1991, ukaenea Afrika, na hapa kwetu Tanzania wengi wanaviita VICOBA.

Kwa nini tunahesabu kwa sauti? Si kwamba tunamwona mweka hazina kuwa mwizi. Ni kwa sababu fedha iliyohesabiwa gizani huzaa maneno, na maneno huvunja kikundi. Ukweli uliosemwa wazi, hata kama ni mchungu, watu wanaweza kukaa nao.

Sasa tazameni. Dakika tano kabla ya kufungua sanduku, mmoja wetu anasimama anasali. Anamshukuru Mungu kwa upendo uliopo kati ya wanachama. Na pale kwenye benchi wamekaa akina mama wawili ambao hawajasalimiana tangu mavuno kwa ajili ya mpaka wa shamba. Hapo inakuwa kama tuna madaftari mawili: la fedha limeandikwa kweli, la sala limeandikwa kwa kupendeza. Mungu hana haja ya la kupendeza. Yeye anajua salio kabla hatujalitaja. Tunaposema kweli mbele zake hatumpi habari mpya. Tunajitoa wenyewe mafichoni.

2. SALA TATU ZISIZO NA UKWELI

Kwa watu wote wanaosali, wawe wa Mbulu au wa ng'ambo, kuna namna tatu za kusali bila kuwa wa kweli.

Ya kwanza ni sala ya vijembe. Mtu anafumba macho, anasema, "Bwana, waguse wale wenye tabia ya kuchelewesha marejesho." Mungu anaambiwa, lakini anayetakiwa kusikia amekaa kushoto. Hiyo si sala, ni hotuba iliyofumba macho. Mwenye neno na mwenzake amfuate, wakae chini, waongee. Bwana Yesu mwenyewe alifundisha kwamba mtu akiwa madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale, aende kwanza akapatane, ndipo arudi kuitoa.

Ya pili ni sala ya kukwepa. Mwenzetu anasema ndani hakuna unga, na sisi tunajibu, "Tutakuombea, mama." Kumwombea ni vema. Lakini kama gunia la mahindi liko stoo, basi sala ile imetumika kama mlango wa kutokea. Mtume Yakobo aliwasema vikali wanaomwambia mwenye njaa ashibe na mwenye baridi aote moto, kisha hawampi kitu. Nasi wa huku tunaijua baridi. Mtu wa Mbulu akiambiwa aote moto mwezi wa saba bila kupewa kuni, anaelewa maana yake.

Ya tatu ni sala ya mapambo. Ni maneno mazuri ya kuazima, marefu, yenye sauti ya mhubiri wa mkutano, lakini ndani yake hayumo yule anayesali. Mnakumbuka mfano wa Farisayo na mtoza ushuru. Farisayo alikuwa na mengi ya kusema, na mengine huenda yalikuwa kweli kabisa: alifunga, alitoa zaka. Mtoza ushuru alikuwa na maneno machache tu, ila alikuwemo ndani ya maneno yake. Yesu akasema huyo wa pili ndiye aliyerudi nyumbani amekubaliwa.

Hatusemi kwamba sala ndefu ni mbaya, wala kwamba sala za kitabu ni mbaya. Wakatoliki wana rozari, Walutheri wana liturujia, na hizo zimewabeba watu wengi siku ambazo hawakuwa na maneno yao wenyewe. Tunachosema ni hiki: iwe ya kitabu, iwe ya kichwani, mtu awemo.

3. WATU WA BIBLIA HAWAKUJIFICHA

Wengine wanaogopa. Wanadhani kumwambia Mungu, "Nimechoka," au "Nimekasirika," ni kukosa adabu. Basi tuwatazame waliotutangulia.

Hana, mama yake Samweli, alisali akiwa na uchungu mwingi hata kuhani Eli akadhani amelewa. Hakumwambia kuhani kwamba yupo salama. Alimjibu kwa heshima kwamba hakunywa kitu, bali alikuwa akiimimina nafsi yake mbele za Mungu. Kuhani alipoelewa, alimbariki. Akina mama, hapo tujifunze: mwanamke aliyesema kweli alidhaniwa mlevi, lakini Mungu alimsikia.

Ayubu alilalamika sana. Rafiki zake ndio waliokuwa wanasema maneno ya dini yaliyonyooka. Mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia rafiki, siyo Ayubu, na anasema Ayubu ndiye aliyenena sawa juu yake. Tena rafiki wanaambiwa wamwendee Ayubu awaombee.

Fungueni pia Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio huishia kwenye shukrani. Hiyo haishii hivyo. Inaanza na kilio, inaendelea na kilio, inamalizikia gizani. Na bado imo katika Biblia. Mungu ameruhusu sala isiyo na mwisho mzuri ikae kitabuni mwake, ili anayelala na kilio asidhani kwamba yuko peke yake. Na Bwana wetu, usiku ule bustanini Gethsemane, aliomba kikombe kimwondokee. Alisema anachotaka, kisha akajiweka chini ya mapenzi ya Baba. Hakuruka hatua ya kwanza. Wengi wetu tunakimbilia kusema "mapenzi yako yatimizwe" kabla hatujasema sisi tunataka nini.

Hata wazee wetu hawakuichukulia sala kuwa jambo la mtu kunong'ona peke yake. Wairaqw wana slufay: mzee huongoza kwa maneno marefu, na waliokusanyika huitikia. Asiyeitikia anajulikana. Akina mama wa Kidatoga nao wana nyimbo za kumlilia Mungu, wanayemwita Aseeta, na huziimba kwa pamoja. Tena hawaishii kuimba. Wana baraza lao la wanawake, ambalo kwa mila linaweza kumhukumu na kumtoza faini mwanamume aliyewakosea wanawake. Sisi Wakristo tunamwomba Mungu kwa jina la Yesu, lakini hili tunaweza kulikumbuka: bibi zetu walijua kwamba kulia mbele za Mungu na kudai haki mbele za watu ni kazi mbili zinazokwenda pamoja.

4. JUMAPILI ILE YA DESEMBA

Katika miaka hii kumi ipo siku moja ambayo hatuwezi kuiruka. Ilikuwa alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, siku ambayo makanisa yanaanza Majilio. Mvua ilikuwa imenyesha sana. Tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikaingia mji wa Katesh na vijiji vya chini ya mlima, Gendabi na Jorodom vikiwemo. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, wengine wengi waliumia, na familia nyingi zilibaki bila nyumba, bila mifugo, bila shamba la kutambulika.

Mlima ule una urefu wa zaidi ya mita 3,400. Tunautazama tangu utoto. Ndio unaotuletea mawingu, ndio unaotupa maji. Siku ile ukawa tishio.

Maneno yakawa mengi. Wengine walisema ni volkano imeamka. Wengine walisema ni adhabu kwa dhambi za watu wa Katesh. Wataalamu wa Serikali walikwenda kupima, wakaeleza kwamba haikuwa volkano: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi, ikameguka. Tunasema hili kwa sababu sala ya kweli haijengwi juu ya uvumi. Anayesema waliokufa walikuwa na dhambi kuliko wengine, akasome jinsi Yesu alivyojibu habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alikataa kabisa kwamba walikuwa wabaya kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu.

Tulikuwa na wanachama wenye ndugu kule. Kikao cha kwanza baada ya maafa, zamu ya kufungua kwa sala ilikuwa ya mama mmoja ambaye kwa kawaida anasali mpaka chai inapoa. Alisimama. Akakaa kimya muda mrefu, hata watoto mgongoni wakanyamaza. Kisha akasema: "Mungu, leo hatuna maneno. Watoto wamekufa wamelala. Hatuelewi. Tunauogopa mlima. Usituache. Amina."

Basi. Ndiyo ilikuwa sala yote. Watu walilia. Na sisi wa kamati tunasema hivi mbele ya mgeni rasmi: katika miaka kumi hatujasikia sala iliyotushika kuliko ile. Hakumtetea Mungu, hakumshtaki, hakutupa maelezo. Alisema kilichokuwepo.

Tazameni pia kilichofuata. Baada ya "Amina" ile hakuna aliyeweza kusoma ajenda kama kawaida. Mama mmoja, ambaye siku nyingine asingethubutu, alisema wazi kwamba mkopo wake hataweza kuurejesha kwa wakati, kwani fedha yote imekwenda kwenye mazishi ya ndugu zake. Hakuna aliyemnyooshea kidole. Mfuko wa jamii ukafunguliwa, akapewa mkono wa pole, na wanachama wakakubaliana kumwongezea muda bila faini. Alirejesha hadi shilingi ya mwisho. Sala iliyosema kweli ilimfungulia mwingine mlango wa kusema kweli. Kama ingekuwa sala ya mapambo siku ile, yule mama angekaa na siri yake, angekimbia kikundi, na deni lingebaki kwenye daftari mpaka leo.

5. KUSALI KILA SIKU NYUMBANI

Mtasema, hayo ni ya siku za maafa, je, Jumanne ya kawaida? Mama ameamka saa kumi na moja, amekamua, amepeleka watoto shule, amekwenda kupalilia kitunguu swaumu, jioni anatafuta kuni. Atasali saa ngapi?

Mwaka 1535 Martin Luther aliulizwa swali la namna hii na kinyozi wake aitwaye Peter. Akamwandikia kijitabu kizima kuhusu namna rahisi ya kusali. Alimwambia sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku, na ajihadhari na yale mawazo yanayosema ngoja kidogo, nimalize hiki kwanza. Alimpa pia mfano kutoka kazini kwake: kinyozi mzuri macho na akili yake viko kwenye wembe, akianza kupiga soga atamkata mtu pua, au koo. Ndivyo na sala inavyotaka moyo uwepo. Mkamuaji anaelewa. Ukikamua huku unagombana na jirani, ndoo itapigwa teke.

Wakati huohuo alikuwepo Ignasi wa Loyola, askari aliyejeruhiwa mguu vitani mwaka 1521, ambaye baadaye alianzisha shirika la Wajesuiti. Yeye alifundisha watu kuipitia siku yao mbele za Mungu, saa kwa saa. Hawa wawili walikuwa pande mbili za kanisa lililogawanyika. Lakini leo hapa Mbulu na Hanang mama wa Kilutheri na mama wa Kikatoliki wanashika funguo za sanduku moja, kwa hiyo si vibaya tukijifunza kwa wote wawili.

Tunapendekeza njia fupi, inayotosha wakati maharage yanachemka jioni:

(a) Shukuru kwa kitu kimoja cha leo, kwa jina lake. Usiseme "kwa yote." Sema, "Asante kwa kuwa mtoto homa imeshuka."

(b) Ipitie siku. Asubuhi nilisema nini? Sokoni nilifanya nini? Nani nilimkwepa njiani, na kwa nini?

(c) Sema kile hasa kilichoko moyoni, kwa lugha unayoiota. Kama ni Kiiraqw, Kiiraqw. Kama ni Kidatoga, Kidatoga. Mungu hahitaji mkalimani.

(d) Omba msamaha kwa jambo lenye jina, na omba unachotaka kwa jina lake.

(e) Maliza kwa jambo moja dogo la kufanya kesho. Rudisha sufuria ya watu. Msalimie yule.

Halafu nyamaza kidogo. Sala si kuongea tu.

6. SALA YA KWELI INADAI KITU

Tuseme na la mwisho, ambalo ni gumu. Mara nyingi mwenzetu anasema, "Niombeeni, nyumbani si kuzuri." Anaishia hapo, na sisi tunaombea "nyumba ya mama huyu." Wakati mwingine nyuma ya maneno yale kuna kipigo. Katika hali hiyo kusali kwa kuzungukazunguka ni kumsaidia mwenzetu ajifiche penye hatari. Amwambie Mungu ukweli, na awaambie watu wawili anaowaamini. Kisha wamsindikize kwa mtendaji, kwa mchungaji au padre, polisi kwenye dawati la jinsia, au hospitali kama ameumia. Kwenda huko si kukosa imani. Hospitali ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na watu wa misheni waliokuwa wanasali kila siku, na bado walileta dawa.

Aidha, kinachosemwa katika maombi kibaki katika maombi. Kama ombi la mtu limefika mnadani kabla yeye hajafika nyumbani, hatusali, tunatangaza. Hakuna atakayesema kweli mahali ambapo kweli yake itauzwa.

Na tusidanganyane kwamba aliyesali kwa ukweli atapata kila alichoomba. Bei ya kitunguu inashuka hata kwa waombaji. Wapo waliomlilia Mungu usiku ule chini ya Mlima Hanang na hawakuona asubuhi. Hatuna jibu la hilo, na hatutalitengeneza leo kwa sababu ya sherehe. Tunachoweza kusema ni kwamba aliyesema kweli mbele za Mungu na mbele ya wenzake hakubaki peke yake na mzigo wake.

Kwa hiyo basi, kwa miaka kumi ijayo tunaleta mapendekezo mawili kwa kikundi. La kwanza: kabla ya sala ya kufungua kikao tukae kimya dakika moja, kila mtu ajue amekuja na nini. La pili: kama wapo wawili wenye neno kati yao, wapewe nafasi ya kuongea nje kabla sanduku halijafunguliwa, na kikundi kiwasubiri. Chai ikipoa tutaipasha.

Mungu awabariki, awabariki na watoto wenu, mifugo na mashamba.